SOMO: MAJI NA UDONGO KATIKA KITALU NYUMBA

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama kupima mambo mawili kabla chama hakijakopa fedha za kujenga kitalu nyumba cha nyanya.

1. Maji

Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), umwagiliaji wa mifereji huifikishia mimea kiasi cha asilimia 60 ya maji yanayotolewa, na umwagiliaji wa matone asilimia 90. Hivyo mimea inayohitaji lita 600 kwa siku hudai lita 1,000 kwa mifereji, bali lita 670 hivi kwa matone. Akiba hiyo hupotea endapo vitundu vya mipira vimeziba. Kwa hiyo chujio lisafishwe kila siku, na ncha za mipira zifunguliwe kila wiki ili takataka zitoke.

2. Udongo

Adui mkubwa wa nyanya ni mnyauko wa bakteria. Vijidudu vyake huishi udongoni miaka mingi, wala hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kuugua. Ili kuutambua, shina likatwe na kipande kining'inizwe katika bilauri ya maji safi. Ute mweupe kama maziwa ukiteremka, ugonjwa upo. Kupanda tena nyanya katika udongo huo ni kutupa fedha za wanachama.

3. Makumbi ya nazi

Penye ugonjwa huo, nyanya huweza kupandwa katika mifuko ya vumbi la makumbi, iliyowekwa juu ya plastiki ili mizizi isiguse ardhi. Vumbi hilo aghalabu huwa na chumvi. Lioshwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi. Tena halina chakula cha kutosha, hivyo mbolea iyeyushwe katika maji ya matone.

Mfuko huweka maji machache. Unyweshwe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Kwa kila sehemu 10 za maji yaliyotolewa, sehemu 1 hadi 3 zitiririke chini. Zikipungua, chumvi hujikusanya. Zikizidi, maji na mbolea vinapotea.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

(a) Kisima cha chama hutoa lita ngapi kwa siku wakati wa kiangazi?
(b) Je, udongo wa kiwanja umekwisha kuoteshwa nyanya zilizonyauka?
(c) Nani atakabidhiwa kazi ya kusafisha chujio, na nani atamkagua?