SOMO LA AFYA: Mzee Akishapasuliwa Nyonga, Kazi Kubwa Iko Nyumbani

Mzee akiteleza bafuni au akijikwaa kizingitini na kuvunjika nyonga, familia huhangaika hadi apasuliwe. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, wengi hudhani mambo yamekwisha. Sivyo. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa katika kila wazee watano wanaovunjika nyonga, mmoja au zaidi hufariki kabla ya mwaka kumalizika. Mara nyingi kinachoua si mfupa wenyewe bali matatizo yanayofuata, na mengi yanaweza kuzuiwa.

Kinga huanza siku ya ajali. Madaktari hupendelea upasuaji ufanyike ndani ya siku moja au mbili. Kumpeleka mgonjwa kwanza kwa mkandaji, au kungoja uvimbe upungue, humweka kitandani muda mrefu na kuongeza hatari.

Hatari za kuangalia

1. Damu kuganda mguuni. Mtu asipotembea, damu huenda polepole na inaweza kuganda mishipani. Donge likifika mapafuni linaweza kuua ghafla. Mgonjwa akipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, aimalize kama alivyoagizwa hata akijihisi mzima. Mguu ukivimba na kuuma, usiukande kwa mafuta, mrudishe hospitalini.

2. Nimonia. Anayelala chali kutwa hapumui kwa kina, na makohozi hutuama kifuani. Mkalishe wima, hasa anapokula, na umhimize avute pumzi ndefu mara kwa mara.

3. Kuchanganyikiwa ghafla. Mzee anaweza kusahau alipo, kuzungumza na wasiokuwepo au kusinzia kupita kiasi. Huku si kurogwa, wala si uzee tu. Huenda ana maambukizi, maumivu makali, upungufu wa maji au athari za dawa. Daktari anapaswa kumwona siku hiyo hiyo.

4. Vidonda vya kulalia. Huanza kama wekundu au weusi kwenye makalio, kiuno na visigino. Mgeuze kila baada ya saa mbili, na shuka ziwe kavu.

5. Nyonga kuchomoka. Wengine huungwa mfupa kwa vyuma, wengine huwekewa nyonga bandia. Muulize daktari mgonjwa wako alifanyiwa nini. Mwenye nyonga bandia huenda akakatazwa kuchuchumaa, kukaa kwenye kigoda au mkekani, na kukunja nne. Kwa choo cha shimo, fundi wa kijijini anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu. Anayeswali aswali akiwa kitini.

Usimlaze kwa huruma

Kosa la kawaida ni watoto na wajukuu kumwambia mzee, "Tulia kitandani, kila kitu tutakuletea." Huo ni upendo, lakini unamdhuru. Isipokuwa daktari amekataza, mgonjwa huanza kuinuliwa na kusimama siku inayofuata upasuaji. Nyumbani aendelee kutembea kwa fremu au magongo, hatua chache mara kadhaa kwa siku, na asikose kliniki ya mazoezi ya viungo. Apewe dawa ya maumivu kama alivyoandikiwa, kwa sababu anayeumia hataki kusogea.

Chakula nacho ni dawa. Mayai, maziwa, samaki, omena, maharagwe na ndengu husaidia misuli na kidonda kupona. Anywe maji ya kutosha hata kama anaogopa safari za chooni.

Aliyevunjika mara moja yuko katika hatari ya kuvunjika tena. Ondoa mikeka inayoteleza, weka taa ya kwenda chooni usiku, na mnunulie viatu vinavyoshika mguu badala ya ndara. Muulize daktari kuhusu matibabu ya udhaifu wa mifupa.

Mpeleke hospitalini mara moja ukiona:

- anapumua kwa shida au kifua kinauma;
- mguu mmoja umevimba, au umekuwa mfupi na kupinda ghafla;
- kidonda kinatoa usaha, au ana homa;
- amechanganyikiwa, au anakataa kula na kunywa.

Mjulishe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako kwamba una mgonjwa wa nyonga, ili amtembelee. Vilevile, hakikisha wazee wote nyumbani wamesajiliwa na SHA sasa, kabla ajali haijatokea.