SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: MKONO WA TELA, PINI YAKE, NA WAJIBU WA MTENGENEZAJI

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vinavyomiliki trekta, au vinavyokusudia kununua. Lisomwe katika kikundi, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya msimu wa kununua pamba kufunguliwa.

Chama kikinunua trekta, wanachama hutazama injini, matairi na rangi. Ni wachache wanaoinama kutazama nyuma, mahali ambapo tela hufungwa. Hata hivyo ni mahali hapo, penye pini isiyozidi urefu wa kiganja, ambapo mzigo wote wa chama huning'inia. Injini ikiharibika, trekta husimama na hasara yake huhesabika. Pini au mkono wa tela ukikatika mteremkoni, tela huenda peke yake, na hapana ajuaye itasimama juu ya nani.

1. Sehemu zinazohusika

Kwenye trekta kuna chuma cha kuvutia, kilichofungwa chini ya ekseli ya nyuma. Kwenye tela kuna mkono, ambao mwisho wake una pete. Pini hupita katika chuma cha kuvutia na katika pete, na chini yake huwekwa kipini kidogo cha kuifungia ili isiruke. Pamoja na hizo haina budi kuwapo minyororo miwili ya usalama, iliyopishanishwa chini ya mkono. Pini ikikatika, mkono hulala juu ya minyororo hiyo badala ya kuchimba ardhi.

Yafaa ieleweke kwamba tela huvutwa kwa chuma cha chini tu. Dereva anayefunga mnyororo juu ya ekseli ya nyuma ili kuinasua tela katika udongo mweusi wa mbuga hujiweka katika hatari kubwa: magurudumu yakishika na mzigo ukagoma, trekta huinuka mbele na kumwangukia kwa nyuma.

2. Kwa nini hukatika

Sababu ya kwanza ni uzito. Tela nyingi za vyama hununuliwa kwa ajili ya kubeba pamba kutoka ghalani hadi kiwandani. Msimu ukipita, tela hiyo hiyo hukodishwa kubeba matofali na mchanga, na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, Mbogwe na Kahama hubeba mawe ya wachimbaji wadogo kutoka kwenye maduara hadi kwenye makarasha. Mita moja ya ujazo ya mawe yaliyopasuliwa hufikia takriban tani moja na nusu. Pamba mbegu ya ujazo huo, hata ikishindiliwa kwa miguu, haifiki robo ya uzito huo. Kwa hiyo tela iliyojaa pamba hadi juu inaweza kuwa salama, na tela iyo hiyo ikijazwa mawe nusu tu ikawa imezidiwa. Macho hayatoshi kupima mzigo, lazima kuhesabu.

Sababu ya pili ni mpangilio wa mzigo. Katika tela ya ekseli moja, sehemu ya uzito huegemea trekta. Mzigo ukirundikwa mbele mno, mkono na pini hulemewa. Ukirundikwa nyuma mno, mkono huinuliwa juu, na magurudumu ya nyuma ya trekta hupoteza mshiko. Mzigo upangwe ukitangulia ekseli kidogo.

Sababu ya tatu ni kukosekana kwa breki. Tela isiyo na breki humsukuma mvutaji wake kila iteremkapo. Kanuni ya tahadhari inayofaa vyama ni hii: uzito wa tela isiyo na breki, pamoja na mzigo wake, usizidi uzito wa trekta inayoivuta. Mtengenezaji akiwa ametaja kiasi kilicho pungufu ya hapo, lifuatwe neno lake.

Sababu ya nne, inayopita zote kwa wingi, ni vifaa vya kubahatisha. Pini ikipotea shambani, dereva hukata kipande cha nondo akakipachika, kazi ikaendelea. Tendo hilo huonekana kuwa uhodari. Hesabu ifuatayo itaonyesha kuwa sivyo.

3. Hesabu ya pini

Nguvu ya pini kustahimili kukatwa hufuata eneo la mkato wake, yaani upana uliozidishwa kwa upana. Tuseme pini mpya ina upana wa milimita 30. 30 mara 30 ni 900. Ikilika hadi milimita 27, basi 27 mara 27 ni 729. Pini imepungua sehemu moja ya kumi tu kwa macho, lakini imebaki na asilimia 81 ya nguvu yake ya kutokatwa. Nguvu ya kutopindwa hupungua zaidi, kwa kuwa hufuata upana uliozidishwa mara tatu: hubaki asilimia 73.

Sasa ichukuliwe nondo ya milimita 20. 20 mara 20 ni 400. Ukilinganisha na 900, hiyo ni asilimia 44. Kwa upande wa kutopindwa, inabaki asilimia 30 tu, hata kama chuma chake kingekuwa sawa na cha pini. Tena nondo hucheza ndani ya tundu pana, na kila shimo la barabara huigonga kama nyundo. Chama kilichoweka nondo kimeondoa zaidi ya nusu ya usalama wake, na mzigo haukupungua hata kilo moja.

Hali ni hiyo hiyo kwa bolti zinazoshika chuma cha kuvutia. Bolti yenye alama 8.8 kichwani ina nguvu ya kutovutika hadi kukatika iliyo mara mbili ya bolti yenye alama 4.6. Zikiwa zimelala kaunta moja dukani hufanana. Tofauti ipo katika alama. Katibu anapoandika hati ya kununua bolti, aandike alama pamoja na upana na urefu.

4. Kukagua na kuchomelea

Ufa katika mkono wa tela huanza karibu na maungio ya kuchomelea, na mwanzoni hauonekani. Njia rahisi ya kuutafuta ni hii: chuma kisafishwe kwa brashi ya waya, kipakwe mafuta ya taa, kiachwe kwa muda, kisha kifutwe hadi kikauke. Baada ya hapo kipakwe chokaa au unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari juu ya weupe. Kazi hii haigharimu hata bei ya soda, na yafaa ifanywe kila mwezi wakati wa msimu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini ufa wa chuma hauzibwi ovyo. Mafundi wa kuchomelea ni wengi na hodari katika Katoro, Kahama na Shinyanga mjini. Hata hivyo pini na vyuma vya kuvutia aghalabu huwa vimetiwa ugumu kwa moto kiwandani. Vikichomelewa, ugumu huo huondoka, na ufa mpya huzaliwa kando ya ule uliozibwa. Pini haichomelewi kamwe, hubadilishwa. Mkono wa tela unaweza kutengenezwa, ila kwa idhini ya maandishi ya aliyeuunda, ama na karakana inayokubali kuandika jina lake juu ya kazi hiyo.

5. Kumdai mtengenezaji

Chuma kikikatika, jambo la kwanza ni kukitunza. Vipande visitupwe wala kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa ndivyo shahidi wa chama. Uso wa mkatiko ukionyesha sehemu ya zamani, nyeusi au yenye kutu, na sehemu mpya inayong'aa, maana yake ufa ulikuwapo kwa muda mrefu. Hapo swali ni kama ulitoka kiwandani au ulianzia kazini bila mtu kukagua. Ukiwa wote ni mpya na wenye chembechembe, yumkini chuma kilielemewa kwa mara moja, na swali linarudi kwa chama: siku ile mlibeba nini?

Ndipo inapoonekana thamani ya daftari. Chama chenye daftari la safari, lenye tarehe, aina ya mzigo, uzito na jina la dereva, kinaweza kujibu. Chama kisicho nalo hunyamaza, na muuzaji hushinda bila kutoa hoja.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi aliyokusudia na kutegemea ujuzi wake. Lakini mnunuzi aliyetaja tu jina la chapa, bila kueleza kazi yenyewe, hudhoofisha dai lake. Kwa hiyo barua ya kuagiza tela iseme wazi: tela hii itabeba pamba, na nje ya msimu itabeba mawe, katika barabara za vumbi zenye vilima. Malalamiko ya mlaji yasiyosikilizwa yanaweza pia kufikishwa Tume ya Ushindani.

Jambo jingine lisilosahaulika ni kwamba trekta na tela mara nyingi zina waundaji wawili tofauti. Trekta hutoka ng'ambo. Tela huundwa katika karakana ya hapa nchini. Pini ikikatika, kila mmoja humtupia mwenzake. Mkataba uandike ni nani anayedhamini maungio. Kabla ya kununua, chama kinaweza pia kuuliza kama chombo kimefanyiwa majaribio na CAMARTEC ya Arusha, kituo kilichoundwa kwa sheria mwaka 1981 kushughulikia zana za kilimo na teknolojia vijijini.

6. Historia inafundisha nini

Kanda hii imekwisha kujifunza kwa gharama. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, VFCU, lililoundwa mwaka 1955, liliendesha mashamba ya pamoja kwa trekta katika Usukuma miaka ya 1960. Gharama za matengenezo na madeni zililemea mpango huo, nao ukaachwa.

Miaka ya 1980 trekta za Valmet za Finland ziliunganishwa Kibaha katika kiwanda cha TRAMA. Kiwanda hicho hakipo tena, na trekta za Valmet zilibadilishwa jina kuwa Valtra, zikawa chini ya kampuni ya AGCO ya Marekani mwaka 2004. Mwaka 2015 Shirika la Taifa la Maendeleo lilitia saini mkataba na kampuni ya URSUS ya Poland, na trekta zake zikaunganishwa Kibaha vilevile. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitangazwa na mahakama ya kwao kuwa muflisi.

Funzo si kwamba trekta hizo hazikufaa. Funzo ni kwamba trekta huishi miaka ishirini na zaidi, na kampuni inaweza isiishi muda huo. Msaada wa mtengenezaji si ahadi iliyo katika kitabu chenye picha nzuri. Ni ghala la vipuri linalofikika kwa siku moja, fundi mwenye jina, na namba ya kipuri iliyoandikwa.

7. Kazi za katibu

(a) Atunze kitabu cha maelekezo cha trekta na cha tela ofisini. Nakala ibaki kwa dereva.

(b) Aandike namba za trekta, tela na injini katika daftari la mali za chama.

(c) Anunue pini mbili za akiba na vipini vyake, vifungwe kwenye trekta kwa mnyororo.

(d) Apime pini kila mwezi na kuandika kipimo. Ikifikia kikomo kilichotajwa na mtengenezaji, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

(e) Asikodishe tela bila uzito wa mzigo kuandikwa katika hati ya kukodisha.

(f) Asiruhusu watu kupanda juu ya tela au kukaa juu ya mkono wake, hata siku ya mnada.

Maswali ya kujadiliana

1. Pini ya tela ya chama chetu ilipimwa lini, na kipimo kilikuwa nini?

2. Ikikatika leo, pini halali itapatikana wapi, na kwa siku ngapi?

3. Mwenye karasha anataka tela ijazwe mawe hadi juu, naye analipa vizuri. Dereva anakataa. Bodi imuunge mkono nani, na ijibu nini kwa maandishi?

4. Mkataba wetu wa ununuzi unamtaja nani kuwa mdhamini wa maungio ya trekta na tela?