SOMO: KUMTUNZA DEREVA WA LORI LA KAHAWA

Kahawa ya maganda ikiisha kupokelewa ghalani mwa chama cha msingi, safari yake haijakwisha. Hutegemea lori, na lori hutegemea dereva. Dereva mzoefu wa barabara za Nkwenda, Kaisho na Murongo akiacha kazi katikati ya msimu, magunia hulala ghalani na huenda malipo ya mkulima yakachelewa.

Mshahara mdogo si sababu pekee ya dereva kuondoka. Kungojeshwa nako humchosha. Gari likifika chamani saa tatu asubuhi na kahawa haijapimwa, dereva hungoja hadi jioni, kisha huamriwa kusafiri usiku. Huko ni kuhatarisha roho yake, ya utingo wake, na mali ya wanachama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Na anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apumzike dakika 60.

Kwa hiyo katibu yampasa:

1. Kupima na kushona magunia kabla ya siku ya lori.
2. Kuandaa hati na wapakiaji mapema.
3. Kuandika saa ya gari kufika na kuondoka, ili malipo ya ziada yasiwe na ubishi.
4. Kuhakikisha mkataba wa usafirishaji unataja posho na malazi ya dereva.

Dereva aliyetendewa haki hurudi msimu ujao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na dereva bila heshima hupotea vivyo hivyo.