Gunia Zuri Limekataliwa, Lenye Ukungu Limepita: Kwa Nini?

Leo tunarudi kwenye sumukuvu, maana wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza swali likanitoa jasho. Gunia lake lenye ukungu kidogo lilipimwa likapita, lile lililoonekana safi kabisa mnunuzi akalikataa. "Bwana shamba, hicho kipimo si uongo?"

Si uongo, mama. Kwanza, si kila ukungu unatoa sumu hii. Pili, hata fangasi mwenyewe, Aspergillus flavus, hatengenezi sumu muda wote. Ana jeni zaidi ya 25 za kazi hiyo, zimekaa pamoja karibu na ncha ya kromosomu. Ila kuwa nazo si kuzitumia. Uzi wa DNA umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama kamba kwenye kijiti. Ukibanwa, jeni hazisomeki. Ukilegezwa, kiwanda kinaanza kazi. Jeni hazijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kufungwa na kufunguliwa kwake. Hiyo ndiyo epijenetiki.

Mwaka 2004, Jin Woo Bok na Nancy Keller walieleza protini iitwayo LaeA kwenye jamaa za fangasi huyu. Ikiondolewa, fangasi anaendelea kuota lakini jeni za sumu zinanyamaza. Baadaye ikaonekana hivyo hivyo kwa flavus.

Joto nalo lina mchango wake. Kwenye nyuzi 30 hivi sumu inatoka kwa wingi. Kwenye 37 fangasi anaota vizuri tu, sumu inashuka sana. Ndiyo maana jicho haliwezi kupima. (Wale fangasi wa Aflasafe ni habari nyingine: wao jeni zao zina hitilafu, hawajazimwa tu. Watu wengi huchanganya hapo.)

Yule mama alitaka gunia lililokataliwa asagie wajukuu. Nikamkatalia. Kupika ugali hakuondoi sumu hii, na mwaka huohuo wa 2004 kule Kenya iliua watu 125, wengi Makueni na Kitui. Kuku nao wasipewe.

Swichi za fangasi hatuwezi kuzishika sisi, unyevu tunaweza. Weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, endelea kuanika juu ya turubai mpaka ufike 13.5 au chini.

Lile gunia tulilifukia jioni ileile. Aliumia, na mimi pia.