Birika la Mawe na Jiwe la Mizani: Historia Iliyomo Katika Maneno Mawili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa mbali na pwani anapolisikia neno birika, huwaza chombo cha kuchemshia chai. Akiambiwa kuwa mfanyabiashara ana mawe pungufu, huenda asielewe kuwa kuna mtu anayepunjwa. Makala haya yanachunguza vifaa viwili vya mawe katika maisha ya kila siku ya Waswahili, yaani hodhi la maji na jiwe la kupimia uzito. Inadaiwa hapa kuwa asiyevijua vifaa hivi huweza kupotoka hata katika uchanganuzi wa maana.

Birika la mawe

Nyumba za mawe za mwambao zilijengwa kwa matumbawe. Yale yaliyotolewa baharini huwa laini yangali mabichi, hivyo yalichongwa nakshi kisha yakaachwa yakauke na kukakamaa. Yale ya nchi kavu, ambayo ni magumu zaidi, yalichimbwa na kujengewa kuta. Matumbawe hayo hayo yalichomwa yakawa chokaa, nayo chokaa ikasiriba kuta pamoja na birika ili maji yasivuje.

Birika lilijengwa msalani, na misikitini lilijengwa kwa ajili ya udhu. Mtumiaji wa birika la nyumbani hakuingia majini, bali alichota kwa kata, yaani kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Huko Lamu, sakafuni mwa birika paliwekwa bakuli la kaure. Maji yalipopungua, samaki wadogo waliofugwa humo walisalia hai ndani ya bakuli, na kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Huu ulikuwa utaalamu wa afya kabla ya kuja kwa mifereji. Aidha, katika magofu ya Gedi, yaliyochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, mojawapo ya nyumba hujulikana kama Nyumba ya Birika.

Je, birika la maji na birika la chai ni neno moja lenye maana mbili? Wengi hujibu kuwa ni polisemia, kwa kuwa vyote viwili huhifadhi maji. Etimolojia yakataa. Birika la hodhi latokana na neno la Kiarabu birka, lenye maana ya bwawa au hodhi. Birika la chai latokana na ibriq, yaani chombo chenye mdomo wa kumiminia. Kiswahili, kwa kupendelea silabi wazi, kiliingiza irabu i kati ya r na k katika neno la kwanza. Katika neno la pili kilidondosha irabu ya mwanzo, kikatenganisha b na r, kisha kikaongeza irabu mwishoni. Njia mbili tofauti zikaishia mahali pamoja. Kwa hivyo, hii ni homonimia.

Jiwe la mizani

Tofauti na birika, jiwe ni neno la Kibantu. Limehifadhi kiambishi ji- katika umoja kwa sababu mzizi wake ni wa silabi moja, sawa na jicho na jino. Mizani, ratili, wakia na frasila ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Mswahili aliyapokea majina ya vipimo kutoka ng'ambo, lakini kile kitu kilichotiwa kitangani akakiita kwa jina lake mwenyewe.

Katika karne ya 19, wakia ilikuwa uzito wa riali moja ya fedha, takriban gramu 28. Wakia 16 zilifanya ratili, ratili 3 zikafanya mani, na mani 12 zikafanya frasila, yaani takriban kilo 16. Pembe za ndovu na karafuu ziliuzwa kwa frasila. Nafaka, kwa upande wake, ilipimwa kwa ujazo: vibaba 4 vilifanya pishi moja. Kipimo hicho kidogo ndicho kilichosalia katika methali isemayo haba na haba hujaza kibaba.

Jiwe lililomeguka hupungua uzito, na anayeumia ni mnunuzi. Ndiyo maana Biblia, katika Kumbukumbu la Torati, yakataza kuwa na mawe mawili, kubwa na dogo. Nayo Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao. Vipimo vya chuma vilipoenea, jina halikubadilika: chuma nacho kikaitwa jiwe la mizani. Huu ni upanuzi wa maana, na mwelekeo huo huo waonekana tunapoziita betri mawe ya tochi.

Hitimisho

Katika Al-Inkishafi, utenzi wa mapema karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aonyesha zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure zikiwa viota vya ndege. Msomaji asiyeijua nyumba ya mawe huona hapo picha ya ukiwa tu, asione hesabu ya mali iliyopotea. Mifereji imechukua nafasi ya mabirika mengi, na mizani za umeme hazihitaji jiwe. Wazee waliochota kwa kata na kupima kwa frasila wanazidi kupungua. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuwaendea na kuyaandika maneno haya pamoja na matumizi yake, kwani kamusi huweza kulihifadhi neno huku kitu chenyewe kikiwa kimesahaulika.