Mada ya 9: Kufunga, Hamu ya Kula na Fadhila ya Kiasi

Malengo ya mada

Baada ya kujifunza mada hii, mtahiniwa uweze:
(a) kueleza maana ya kufunga katika Ukristo;
(b) kutofautisha kufunga na mambo yanayofanana nako;
(c) kuonyesha jinsi kufunga kunavyosaidia mtu kula na kufurahia chakula kwa kiasi;
(d) kujibu swali la insha kwa hoja zenye ushahidi wa Biblia na historia ya Kanisa.

9.1 Maana ya kufunga

Kufunga ni kujinyima chakula, chote au sehemu yake, kwa muda uliopangwa, kwa hiari na kwa ajili ya ibada. Maana hii ina mambo manne: kujinyima, muda, hiari na ibada. Ukiacha moja, maana yako haijakamilika. Mtu aliyekosa chakula hakufunga, kwa sababu hakuchagua. Mtu anayepunguza chakula ili apungue uzito hakufunga, kwa sababu lengo lake si ibada. Mtu aliyeapa kutokula nyama maisha yake yote kwa kuwa anaiona najisi hakufunga pia. Huyo amekataa chakula, na baadaye utaona kwamba Kanisa lilimpinga mtu wa namna hiyo.

Shika pia maneno haya:
• Hamu ya kula: msukumo wa kawaida wa mwili unaotaka chakula. Si dhambi.
• Ulafi: kula kupita haja, au kutawaliwa na chakula.
• Kiasi: fadhila ya kutumia vitu vizuri bila kuzidisha wala kupunguza isivyofaa. Paulo anaitaja katika tunda la Roho (Wagalatia 5:22-23).

9.2 Chakula ni chema

Watahiniwa wengi huanza insha ya kufunga kwa kusema kwamba mwili ni mbaya na roho ni njema. Usianze hivyo. Biblia huanza kwa kusema kwamba Mungu alimpa mwanadamu chakula, kisha akaona kila alichokifanya kuwa chema sana (Mwanzo 1:29-31). Mhubiri 3:13 inafundisha kwamba kula, kunywa na kufurahia matunda ya kazi ni kipawa cha Mungu. Ishara ya kwanza ya Yesu katika Injili ya Yohana ilitendeka arusini Kana (Yohana 2:1-11). Wapinzani wake walifikia kumwita mlafi kwa sababu alikula na watu bila kujitenga (Mathayo 11:19).

Hivyo furaha ya chakula haihitaji kuombewa msamaha. Swali la mada hii ni hili: nani anatawala, wewe au hamu yako?

9.3 Hamu inapotawala

Soma mifano miwili na uikumbuke, kwa sababu kila mmoja unaonyesha hasara ya aina yake.

Mfano wa kwanza ni Esau (Mwanzo 25:29-34). Alirudi kutoka mawindoni akiwa hoi kwa njaa, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mkate na chakula cha dengu. Dengu hazikuwa na kosa, na njaa yake ilikuwa ya kweli. Kosa lake ni kwamba njaa ya saa moja ilimfanya adharau jambo la maisha yake yote.

Mfano wa pili ni Wakristo wa Korintho (1 Wakorintho 11:20-22). Walipokutana kwa chakula cha Bwana, kila mmoja alitangulia kula chakula chake mwenyewe. Mmoja alibaki na njaa na mwingine akalewa. Paulo aliwakemea kwa kuwaaibisha wasio na kitu. Hapa hamu isiyotawaliwa haimdhuru mlaji peke yake. Inamnyang'anya jirani nafasi mezani.

9.4 Kufunga kunavyorekebisha hamu

(i) Kunamrudishia mtu utawala juu ya hamu yake. Paulo anasema vitu vyote ni halali kwake, lakini hatakubali kutiwa chini ya uwezo wa kitu chochote (1 Wakorintho 6:12). Anajifananisha na mwanariadha anayejizuia katika yote ili apate taji (1 Wakorintho 9:24-27). Mwanariadha hauchukii mwili wake, anaufundisha.

(ii) Kunaweka chakula mahali pake. Yesu alifunga siku 40 jangwani, kisha akajaribiwa ageuze mawe kuwa mkate (Mathayo 4:1-4). Alikataa. Lakini katika Mathayo 14:13-21 alibariki mikate mitano, akalisha wanaume wapatao 5,000, bila kuhesabu wanawake na watoto. Linganisha matukio haya mawili katika insha yako. Mkate haukuwa mbaya jangwani na kugeuka mwema baadaye. Kule jangwani alijaribiwa autumie uwezo wake kwa kutii njaa yake badala ya kumtegemea Baba. Kwa makutano, mkate ulikuwa zawadi ya huruma.

(iii) Kunamfungua mtu amwone mwenye njaa. Waswahili husema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Isaya 58:3-7 inawashutumu watu waliofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao. Kufunga anakokubali Mungu ni kule kunakoambatana na kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Chakula ulichojinyima kikibaki kabatini kikusubiri jioni, lengo hili halijatimia.

(iv) Kunarudisha ladha ya shukrani. Kitu kinachopatikana kila saa huacha kuonekana kuwa zawadi. Anayefungua mfungo kwa uji wa kawaida huonja kile ambacho jana alikinywa bila kukifikiri. Mtakatifu Augustino (354–430) aliligusa jambo hili katika kitabu cha 10 cha Maungamo. Alieleza kwamba alijifunza kula kama anayetumia dawa, lakini njiani kati ya njaa na shibe mtego wa tamaa ulimngoja. Kwa maoni yake ni vigumu kujua mara moja ni wapi haja ya mwili inaishia na tamaa inaanzia. Kufunga humpa mtu nafasi ya kusimama na kuutambua mpaka huo.

9.5 Mipaka ya kufunga

Kiasi kina pande mbili. Ulafi unakivunja, na kujitesa kunakivunja pia. Toa ushahidi ufuatao:

• Wakolosai 2:20-23 na 1 Timotheo 4:1-5 zinaonya dhidi ya walimu waliokataza vyakula kana kwamba kujinyima chenyewe ni utakatifu.
• Mtaguso wa Gangra, uliofanyika karne ya 4 katika nchi ambayo leo ni Uturuki, uliwalaani waliowahukumu Wakristo wanaokula nyama. Ulipinga pia kufunga siku ya Jumapili kwa kisingizio cha kujinyima.
• Yohane Kasiano, mtawa wa karne ya 4 na ya 5, alifundisha kwamba kanuni moja ya kufunga haiwezi kuwafaa wote, kwa kuwa nguvu za miili hazilingani. Alipendelea chakula cha wastani kila siku kuliko mifungo mirefu inayofuatwa na kula kupita kiasi.
• Thomas Aquinas (karne ya 13) alitoa sababu tatu za kufunga: kuzuia tamaa za mwili, kuiacha akili iinuke kwa Mungu kwa uhuru zaidi, na kulipia dhambi. Mwalimu huyohuyo alifundisha kwamba kukataa kila furaha ya mwili, hata ile inayohitajika kwa uhai, ni kosa.

9.6 Desturi za makanisa

Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili (Didake), maandishi ya Kikristo ya kale sana, yaliwaelekeza waamini kufunga Jumatano na Ijumaa. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia bado linashika siku hizo, na kabla ya Pasaka lina mfungo wa siku 55. Waamini huacha nyama, maziwa, siagi na mayai, na Pasaka ikifika familia hukusanyika kwa karamu.

Katika Kanisa Katoliki, Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu. Siku 40 huhesabiwa bila Jumapili, maana kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kujinyima nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14. Kufunga kunawahusu kuanzia miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60.

Kwa upande wa Waprotestanti, mwaka 1522 huko Zürich watu walikula soseji wakati wa Kwaresima ili kuonyesha kwamba sheria ya kufunga haikutoka katika Injili. Ulrich Zwingli aliwatetea kwa kuhubiri juu ya uhuru wa Mkristo katika vyakula. Usihitimishe kwamba Waprotestanti waliacha kufunga. John Wesley, mwanzilishi wa harakati ya Wamethodisti, alifunga na kuwahimiza wafuasi wake kufunga. Tofauti ilikuwa juu ya sheria na hiari.

9.7 Swali la mfano

"Mkristo anayefunga anadharau chakula alichokiumba Mungu." Jadili kauli hii.

Jibu dhaifu: "Si kweli. Kufunga ni kuzuri kwa sababu Yesu alifunga. Pia Musa alifunga na Danieli alifunga. Kufunga kunaleta baraka." Jibu hili limetaja majina bila kujadili. Halijagusa neno "anadharau".

Jibu zuri (aya moja): "Kauli hii si sahihi kwa sababu anayefunga hujinyima kitu anachokikubali kuwa chema. Katika Danieli 10:2-3, Danieli aliacha chakula kitamu, nyama na divai kwa majuma matatu, kisha muda huo ukaisha. Angekuwa anavidharau, asingehitaji kuweka muda. Vilevile Yesu alifundisha kwamba walioalikwa arusini hawawezi kuomboleza wakati bwana arusi yupo pamoja nao, bali siku zitakuja watakapofunga (Mathayo 9:15). Kwa hiyo kufunga na kufurahi kila kimoja kina wakati wake."

Angalia mpangilio wake: hoja, ushahidi, maelezo, kisha kulirudia swali. Ukipanga hivyo kila aya, utajibu swali lililoulizwa. Taja pia upande wa pili: kauli ina ukweli kwa wale wanaofunga wakiamini chakula ni kichafu, na hao ndio Paulo na Mtaguso wa Gangra waliowapinga.

9.8 Neno kwako mtahiniwa

Mada hii inakuhusu nje ya chumba cha mtihani pia. Kila mwaka wapo wanafunzi wanaofunga siku kadhaa kabla ya mtihani wakitumaini kwamba Mungu atajaza walichoacha kusoma. Huko ni kufanya biashara na Mungu. Farisayo wa Luka 18:9-14 alifunga mara mbili kwa juma, akaitumia hesabu hiyo kujisifu, wala hakurudi nyumbani amehesabiwa haki.

Wengine huita "kufunga" kile ambacho kwa kweli ni hofu ya kunenepa. Ukiona kwamba umeanza kuogopa chakula, au unawaficha watu kwamba huli, mwambie mzazi, mlezi au mwalimu unayemwamini. Ukiwa na vidonda vya tumbo, kisukari au unatumia dawa, zungumza na mhudumu wa afya kwanza. Unaweza kujinyima soda, simu au masengenyo ukapata faida ileile. Na siku ya mtihani kula kifungua kinywa, ushukuru, uingie chumbani.

Maswali ya marudio

1. Eleza maana ya kufunga kwa kutaja mambo yake manne.
2. Linganisha kosa la Esau na kosa la Wakristo wa Korintho kuhusu chakula.
3. Kwa kutumia Isaya 58, eleza uhusiano wa kufunga na haki kwa maskini.
4. "Kujitesa ni kinyume cha kiasi sawa na ulafi." Jadili.
5. Rafiki yako anafunga kila siku na ameanza kuzimia darasani. Tumia mafundisho ya Paulo na ya Kasiano kumshauri.