Mtoto wa Kambo na Mirathi: Si Mrithi, Lakini Hakusahauliwa



Ndugu zangu katika imani, kila tunapodurusu faraidh swali hili halikosi: mtoto aliyelelewa na mume wa mama yake anarithi nini mlezi huyo akifariki? Swali hili linanigusa, kwani karo yangu ya chuo inalipwa na baba wa kambo.

Jibu ni kwamba hamrithi. Leo mtu hurithi kwa nasaba au kwa ndoa. Mtoto wa kambo hana nasaba na mume wa mama yake, na ndoa ni ya mama, si yake. Baba wa kambo naye hamrithi mtoto huyo.

Wengi huchanganya urithi na umahram. Suratun Nisaa aya ya 23 inamharamishia mwanamume kumuoa binti wa mke aliyekwisha kumuingilia. Aya hiyo inakataza ndoa; haitoi fungu. Wala kuandikishwa shuleni kwa jina la baba wa kambo hakubadilishi nasaba. Suratul Ahzab aya ya 5 inaagiza watoto waitwe kwa baba zao.

Basi mtoto huyu anamrithi nani? Anamrithi mama yake, na anamrithi baba yake mzazi hata kama hakulelewa naye. Anaweza pia kumrithi ndugu yake wa mama mmoja, iwapo marehemu hakuacha mtoto, mjukuu wa mwana, baba wala babu mzaa baba. Akiwa peke yake hupata sudusi. Wakiwa wawili au zaidi hushirikiana theluthi (Nisaa, 12).

Kwa mali ya baba wa kambo, mlango ulio wazi ni wasia. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Saad bin Abi Waqqas kuusia theluthi, na akasema hata hiyo ni nyingi. Mrithi hausiwi ila warithi wenzake wakiridhia. Mtoto wa kambo, kwa kuwa si mrithi, anausiwa bila kuomba ridhaa ya mtu, mradi theluthi isipitwe.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, na baada ya mazishi na madeni zimebaki shilingi 48,000,000. Ameacha mke, mwana mmoja, mabinti wawili na mtoto wa kambo aliyemuusia theluthi. Mtoto wa kambo anapata 16,000,000. Katika 32,000,000 zilizobaki, mke anapata thumuni, yaani 4,000,000, mwana 14,000,000, kila binti 7,000,000. Bila wasia, mtoto wa kambo hana fungu. Nisaa aya ya 8 inahimiza wasiorithi waliohudhuria mgawanyo wapewe kitu, lakini hilo halina kiwango.

Njia ya pili ni hiba: mlezi ampe mali akiwa hai na mzima, naye aipokee. Hiba ya maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia.

Hapa Uganda, wasia uandikwe na ushuhudiwe na watu wawili. Anayepewa kitu asiwe shahidi, maana sheria ya nchi hubatilisha zawadi ya shahidi.

Na ikiwa baba mzazi wa mtoto amefariki, fungu la yatima huyo ni amana mikononi mwa walezi. Onyo la Nisaa aya ya 10 linamhusu kila anayeila kwa dhulma, hata kwa kisingizio cha malezi.

Ugumu ni kulisema jambo hili nyumbani, kwani mtoto wa kambo akitaja wasia huonekana anangoja kifo. Likizo iliyopita nilimwomba mlezi wangu aandike anachodai na anachodaiwa, basi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni hutangulia wasia na mirathi. Aliandika, kisha mwenyewe akaniuliza theluthi ni nini. Wewe ukiona uzito, mwombe imamu wenu, au watoto wake wa kuzaa, waanzishe mazungumzo.

Allah awalipe kheri wote waliolea watoto wasiowazaa.